Anza na benchi: jinsi ya kuusoma utamaduni kabla ya kuufasili

Kila mwaka wanafunzi wapya huja na swali moja: utamaduni ni nini? Ningeweza kuwapa jibu siku hiyo hiyo. Mwaka 1952 wanaanthropolojia wa Marekani Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn walikusanya fasili 164 za neno hilo. Siwapi hata moja. Nawaambia watafute benchi, wakae saa nzima, waandike wanachokiona. Fasili itakuja, na ikija imkute mtu mwenye kitu cha kuipimia.

Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowapa wao. Anayetaka kuionja anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na maisha yake ya pamoja, haanzi na chuo. Anahitaji daftari, kalamu, na saa moja kila wiki kwa muda wa wiki sita hivi. Na anahitaji subira, ambayo kwa kweli ndiyo ngumu kuipata.

Saa ya kwanza

Chagua mahali ambapo kukaa kwako hakumshangazi mtu: chumba cha kusubiri, kituo cha basi, maktaba. Usianze na sherehe. Wanaoanza hukimbilia ngoma, mavazi na harusi kwa sababu tumezoeshwa kudhani huko ndiko utamaduni unakoishi. Sherehe inajua kwamba inatazamwa. Wewe unatafuta yale ambayo watu wanayafanya bila hata kujua kwamba wanayafanya.

Zoezi langu la kwanza, nikiwa mwanafunzi, nililifanya katika chumba cha kusubiri cha zahanati moja. Nilirudi na kurasa nne, nimeridhika kabisa. Mwalimu wangu akachukua kalamu nyekundu akapiga mistari: "watu walikuwa na wasiwasi", "mzee mmoja alidharauliwa", "mama mmoja alijifanya hakumwona". Pembeni ya kila mstari aliandika swali lile lile: uliona nini? Nilikaa nalo usiku ule. Wasiwasi sikuuona. Niliona mguu ukitikisika, na mtu aliyeutazama mlango mara saba ndani ya dakika kumi. Dharau nayo sikuiona. Niliona mfuko wa mzee ukiondolewa kwenye kiti na kuwekwa sakafuni.

Tangu siku hiyo naugawa ukurasa sehemu mbili, na ninakuomba nawe ufanye hivyo. Kushoto andika kile tu ambacho jicho limekiona na sikio limekisikia: nani alisimama wapi, alisema nini kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa saa ngapi, mara ngapi. Kulia andika unachodhani kina maana gani, na uache nafasi, kwa kuwa utakifuta.

Hii haina maana kwamba upande wa kulia hauna thamani. Lugha yetu yenyewe inaonyesha kwa nini unahitajika. Kope ikishuka na kupanda mara moja, huenda jicho la mtu linacheza tu. Huenda pia anakonyeza. Kwa kamera ni tendo moja. Kwa aliyekonyezwa, moja ni misuli na jingine ni ujumbe, pengine siri dhidi ya mtu wa tatu aliyekaa hapo hapo. Mfano huu ulitoka kwa mwanafalsafa Gilbert Ryle, na mwaka 1973 mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliuweka katikati ya hoja yake kwamba kazi ya mwanaanthropolojia ni kueleza tendo pamoja na maana zilizolizunguka. Lakini huwezi kuifikia maana ya kukonyeza kama hukuiona kope.

Rudi pale pale

Nilirudi kwenye chumba kile mara tatu zaidi. Ziara ya pili ndipo nilipoanza kuona. Hapakuwa na namba wala mstari. Watu walikaa popote, lakini zamu haikupotea. Siri ilikuwa mlangoni. Kila aliyeingia alisimama kidogo akauliza, "Wa mwisho ni nani?" Mtu aliinua kidole. Kuanzia hapo mgeni yule alikuwa na jambo moja tu la kukumbuka: uso wa aliyemtangulia. Foleni ilikuwepo, ila ilikaa vichwani mwa watu, kila mmoja ameshika pingili yake, na hakuna aliyekuwa na mnyororo wote.

Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliijua sheria ile siku ilipovunjwa. Kijana mmoja aliingia akakaa bila kuuliza. Mazungumzo yakapungua. Mtu akakohoa. Kisha mama mmoja akasema, bila kumtazama yeyote, "Tupo wengi hapa." Kijana akainuka akauliza. Kwa hiyo andika kila kosa unaloliona, pamoja na kikohozi, kimya na macho yanayogeuka. Sheria isiyoandikwa huonekana kwa namna watu wanavyoitetea.

Hapa ndipo fasili ya E. B. Tylor, mwanaanthropolojia Mwingereza, ya mwaka 1871 inaponifaa. Alisema kwa ufupi kwamba utamaduni ni ule mkusanyiko wa maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na mazoea mengine ambayo mtu huyapata kwa kuwa mmoja wa jamii. Wanafunzi hukariri orodha. Mimi nashikilia neno huyapata. Hakuna aliyezaliwa akijua kuuliza wa mwisho ni nani. Tunazaliwa na uwezo wa kujifunza lugha, lakini mtoto mchanga akilelewa ugenini atasema lugha ya waliomlea, atacheka wanapocheka, na ataona haya kwa yale yanayowatia haya. Njaa ni ya mwili. Saa ya kuiona njaa, na mbele ya nani usiitaje, hivyo hufundishwa.

Anthropolojia ni pana kuliko benchi, na iko mifupa, mabaki ya kale na lugha ndani yake. Ila kwa mwanzo huu tubaki na watu walio hai.

Kuuliza bila kuuliza kwa nini

Ukifika wakati wa kuzungumza na watu, swali la kwanza linalokuja mdomoni ni "kwa nini mnafanya hivi?" Lizuie. Mtu akiulizwa kwa nini, hutafuta jibu la heshima: ndivyo ilivyo, ni mila yetu, wazee walisema. Utaandika majibu hayo na hutakuwa umejua kitu. Uliza badala yake: mara ya mwisho ilikuwaje? Nani alikuja kwanza? Nani hakufurahi? Mtu akisimulia tukio moja, utamaduni wake unajitokeza wenyewe, pamoja na ugomvi uliomo. Na ugomvi usiuogope. Watu wawili wa nyumba moja wakikupa habari zinazopingana, usichague mkweli. Ziandike zote, kwa kuwa jamii haina sauti moja.

Sikiliza pia swali gani hasa watu wanalijibu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi kwa Wazande, watu wa Afrika ya kati, miaka ya 1920, alieleza jambo ambalo nalirudia kila muhula. Wakati wa joto watu walikuwa wakikaa chini ya ghala la nafaka kupumzika kivulini. Ghala likianguka na kuwaumiza, Wazande walijua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Walijua pia kwamba watu walikuwa pale kwa sababu ya jua. Walichotaka kujua ni kwa nini liliwaangukia watu hawa, saa hii, na jibu lao lilikuwa uchawi. Msomaji mwenye haraka husema hawakuelewa mchwa. Walielewa. Waliuliza swali la pili, ambalo mchwa hawalijibu, na ambalo yeyote aliyewahi kufiwa ghafla amejiuliza. Si lazima uukubali uchawi ili ulione swali hilo. Kuelewa si kuunga mkono, na ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona wanafunzi wakidhani heshima ni kukubaliana na kila kitu.

Chora ukoo

Wiki ya tatu au ya nne, keti na mtu mmoja anayekuamini, mchore ndugu zake. Alama ni hizi: pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, alama ya sawasawa kati ya wanandoa, mstari wa kushuka kwa watoto, na mstari wa juu unaowaunganisha ndugu. Waliofariki hupigwa mstari wa kukata. Mtafiti Mwingereza W. H. R. Rivers alianza kukusanya nasaba kwa utaratibu katika msafara wa visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na Guinea Mpya, mwaka 1898, na hadi leo sijui njia bora zaidi ya kumfanya mtu azungumze kwa saa mbili bila kuchoka.

Kisha, pembeni ya kila alama, andika neno ambalo mtu huyo hulitumia kumwita yule. Hapa Kiswahili kinatupa somo bila malipo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba: baba mkubwa au baba mdogo. Dada wa mama ni mama. Lakini kaka wa mama ni mjomba, na dada wa baba ni shangazi, maneno yanayosimama peke yao. Kiingereza kinawaweka mjomba na baba mdogo katika neno moja, na hakimwiti yeyote kati yao baba. Mmarekani Lewis Henry Morgan alikuta kwa Waseneca, mojawapo ya mataifa ya Iroquois, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kwamba ndugu wa baba anaitwa kwa neno lile lile la baba. Akatuma madodoso pande nyingi za dunia na mwaka 1871 akachapisha majedwali makubwa yaliyoonyesha kwamba majina ya ndugu yana mpangilio, na kwamba undugu ule ule wa damu hugawanywa kwa namna tofauti.

Usiishie kwenye maneno. Uliza kila mmoja ana kazi gani: nani anaweza kukukaripia, nani huwezi kutaniana naye, nani angepigiwa simu usiku wa manane. Mara nyingi utamkuta kwenye mchoro "mjomba" ambaye hana tone la damu moja na wenzake. Usimfute. Uliza alivyoingia.

Morgan na Tylor walikuwa na kosa kubwa la pamoja, na ni lazima ulijue kwa kuwa bado linatembea. Walizipanga jamii kama ngazi, kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na wao wakajikuta juu. Mwanaanthropolojia Franz Boas, aliyeishi na Wainuit, wenyeji wa kisiwa cha Baffin kaskazini mwa Kanada, mwaka 1883 hadi 1884, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuivunja ngazi hiyo: kila jamii ina historia yake, na tofauti za desturi hazitokani na rangi. Ukijikuta umeandika "bado wanafanya hivi", ujue umepanda ngazi ile.

Daftari la pili

Utachoka. Utawachukia watu unaowapenda, utaona kila mtu anakuficha kitu. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alikaa karibu miaka miwili visiwa vya Trobriand, karibu na Guinea Mpya, kati ya mwaka 1915 na 1918, akaweka hema katikati ya kijiji, akajifunza lugha. Kwa njia hiyo aliweza kueleza mzunguko ambao wenyeji waliuita "kula" (si kula chakula), ambao mikufu ya makombe mekundu ya baharini husafiri kisiwa hadi kisiwa upande mmoja na vikuku vya makombe meupe upande mwingine, bila mtu kuvishikilia daima. Shajara yake ya faragha ilipochapishwa mwaka 1967, wasomaji walikuta hasira, upweke na maneno ya dharau kwa wenyeji wale wale. Iliwaumiza wengi, nami pia. Funzo nililolichukua ni la kazi: kuwa na daftari la pili, la hasira zako, lenye tarehe zile zile. Ukisoma maelezo yako baadaye, utajua ni siku gani ulikuwa unaandika watu na siku gani ulikuwa unaandika uchovu.

Kuwa mwenyeji hakukukingi. Mwandishi Mmarekani Zora Neale Hurston alikusanya hadithi katika mji aliokulia, na Jomo Kenyatta aliandika juu ya Wagikuyu, watu wake, akiwa mwanafunzi wa Malinowski. Kitabu kilitoka mwaka 1938. Mwenyeji husikia asichosikia mgeni. Hukosa kuona alichokizoea.

Warudishie

Omba ruhusa kabla ya kuandika maneno ya mtu, badilisha majina, na kile ulichoambiwa kwa siri kiache nje ya daftari. Mwishoni, wasomee wenyewe ulichoandika.

Ziara yangu ya nne kule zahanati nilimkuta mzee wa mfuko. Nikaketi, nikamweleza, nikamsomea ukurasa wa tatu, ambako nilikuwa nimeandika kwamba anayetoka nje huacha mfuko ili umshikie nafasi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hapana, binti yangu. Siku ile mfuko wangu uliondolewa kwa haki. Sikumwambia jirani."

"Jirani?"

"Mfuko haushiki kitu. Unamwambia aliye karibu nawe, natoka kidogo. Yeye ndiye anayekushikia. Mfuko ni wa kumkumbusha tu."

Nilifuta mistari yote ya kulia kwenye ukurasa ule. Kisha nikaanza kuhesabu upya, safari hii waliomgeukia jirani kabla ya kuinuka.