SOMO: Dungu la bondeni lisilozama

Swali la jinsi ya kujenga dungu lisizame linarudi kila mvua zikikaribia, na nimechoka kumwandikia mmoja mmoja. Nazungumzia dungu, yaani jukwaa la mlinzi juu ya nguzo, la kulindia mpunga kwenye tope la kusini mwa Tanzania: Kitere, bonde la Ruvuma, kandokando ya ziwa Rutamba. La shamba la nchi kavu halihitaji somo.

1. Jenga Oktoba, bonde likiwa kavu.

2. Kaa pembeni mwa shamba, jua la alfajiri likupige mgongoni. Epuka njia ya kiboko. Utaitambua kwa michirizi miwili yenye tuta katikati. Hataihama kwa sababu yako.

3. Nguzo nne za mti mgumu, msekeseke kwa mfano, uliovunwa kwa kibali. Mkorosho hapana, hata kama matawi ni ya bure, bungua, wadudu watoboa mti, wanaupenda. Mikoko ni msitu wa hifadhi, usikate kienyeji.

4. Mguu wa nguzo. Madungu mengi hufia hapa. Watu huchonga ncha kama mkuki, wanapigilia, ikizama kirahisi wanafurahi. Iliyozama kirahisi Oktoba itaendelea kuzama Februari, tope limelainika na nyinyi walinzi wawili mko juu. Chimba, kisha pima kwa nondo mpaka ugonge udongo mgumu. Ukiupata, nguzo isimame juu yake, kitako kikiwa bapa. Usipoupata, fungia kitakoni vipande viwili vya mti mgumu vya futi mbili mbili, vipishane msalaba, uzito utawanyike. Fukia kwa udongo mkavu wa mfinyanzi, ukishindilia tabaka kwa tabaka. Tope ulilochimbua usilirudishe!
ONYO: nguzo huoza pale inapolowa na kukauka, usawa wa maji. Bandua gome lote, na kila kiangazi choma kisu hapo. Kikizama, badili nguzo kabla hujapanda tena.

5. Funga miti ya mshazari, nguzo hadi nguzo, pande zote nne. Bila hiyo dungu hucheza, na likicheza linapanua mashimo.

6. Malizia: uchaga wa kukalia, ngazi, makuti ya paa.

MASWALI

— Mkuu, nguzo ngapi na mti gani?
Hatua ya 3. Soma kwanza.

— Mimi napaka oili chafu miaka yote, mbona hamna shida?
Nguzo yako imesimama kwenye maji ya mpunga tunaokula, wewe na jirani zako wa chini. Shida ipo.

— Shikamoo. Nikimwaga zege kwenye shimo, si ndiyo imara zaidi?
Marahaba, mwanangu. Umewaza vizuri, ila kwenye tope laini zege ni mzigo mwingine unaovuta nguzo chini. Tena maji hutuama pale mti unapokutana na zege, na kuoza kunaanzia hapo. Zege linafaa pale ulipogonga udongo mgumu tu, na juu yake ulilaze mteremko maji yakimbie.

— Kaka, kufungia waya au kamba?
Chini kwenye maji, kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, dada, inavumilia kulowa. Nailoni ya wavuvi iweke juu, kivulini mwa paa, maana jua huila. Waya hushika kutu usione.

— Bata maji wanashuka usiku, sioni kitu.
Tundika madebe yenye kokoto katikati ya shamba, kamba ije mpaka dunguni. Ukisikia miluzi yao, vuta. Mbegu ikishamwagwa usikose usiku hata mmoja.

— Si niwapige gobore tu?
Bila leseni ni kosa, Sheria ya Wanyamapori ya 2009. Anzia ofisi ya maliasili wilayani.

— Madebe hata nguruwe wanakimbia?
Siku za mwanzo. Wakizoea, hamisha madebe upande wanaoingilia.