Namna ya Kusoma Jenetiki Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Kigoma

Mhitimu wa kidato cha sita kutoka Kasulu, Uvinza au Ujiji ambaye amesoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) na anataka kuisomea jenetiki, yaani sayansi ya urithi, asilitafute neno hilo peke yake katika orodha ya shahada. Kwa kawaida vyuo vyetu hulifundisha somo hili ndani ya shahada pana zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro kina shahada ya Bioteknolojia na Sayansi za Maabara, na wanaosomea mazao au mifugo hukutana nalo katika masomo ya uzalishaji wa mbegu bora na mbari bora. Soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka unaoomba, wala usitegemee ule aliotumia kaka yako, kwa kuwa sifa hubadilika. Maombi ya mkopo ya HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) nayo yaandaliwe mapema, hasa vyeti vya kuzaliwa na uhakiki wake, kwani hapo ndipo wengi wa mikoani hukwama.

Baada ya hapo, shughulika na hisabati. Wengi huingia mwaka wa kwanza wakidhani kwamba jenetiki ni biolojia ya kukariri majina, kumbe ni somo la kuhesabu na kutoa hoja kutokana na hesabu. Gregor Mendel, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, hakuwa mtu wa kwanza kuona kwamba watoto hufanana na wazazi; tofauti yake na waliomtangulia ni kwamba alihesabu. Katika kizazi cha pili cha njegere zake alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo, yaani karibu tatu kwa moja, na kutokana na uwiano huo akafikia hitimisho kuhusu kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kwa macho. Kwa hiyo daftari lako la BAM (hisabati tumizi ya msingi) usiligawe. Rudia uwezekano, wastani na mtawanyiko katika miezi ya kusubiri chuo, maana mhadhiri hatakuwa na muda wa kukufundisha upya.

Mwanafunzi wa Kigoma ana bahati ambayo wenzake wengi hawana: mfano mzuri kuliko njegere umesimama nyuma ya nyumba. Chukua chikichi mbili, moja ya mti wa kienyeji na moja ya mti wa kisasa, uzikate katikati kwa kisu kikali hadi kwenye kokwa. Ile ya kienyeji, ambayo wataalamu huiita Dura, ina ganda nene na nyama kidogo ya kutoa mawese. Ya kisasa, Tenera, ina ganda jembamba lililozungukwa na pete ya nyuzi nyeusi, na nyama yake ni nyingi. Ipo aina ya tatu, Pisifera, isiyo na ganda kabisa, lakini kwa kawaida ni tasa upande wa kike na mikungu yake huharibika kabla ya kukomaa. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti waliofanya kazi Kongo, walionyesha kwamba Tenera ni chotara wa hizo mbili na kwamba unene wa ganda hutawaliwa na jeni moja, yaani kipande kimoja cha DNA chenye maelekezo ya urithi. Mwaka 2013 jeni hiyo ikatambuliwa katika DNA ya mchikichi.

Hapa pana somo zima la muhula wa kwanza. Kila mzazi hutoa nakala moja ya jeni hiyo, kwa hiyo Dura ikizalishwa na Pisifera, miche yote huwa Tenera. Tenera ikizalishwa na Tenera, hutarajiwa robo Dura, nusu Tenera na robo Pisifera. Mkulima anayeokota mbegu chini ya Tenera nzuri na kuziotesha hupanda bila kujua miti ambayo sehemu yake haitampa chochote, naye hugundua hilo baada ya miaka mitatu au minne ya kupalilia. Jeni ile ile inaeleza kwa nini mbegu bora hutoka kwenye vituo vya utafiti kama TARI Kihinga (cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania), ambako uchavushaji hudhibitiwa, na haitoki chini ya mti wa jirani.

Sasa hesabu. Tuseme shamba lililooteshwa kwa mbegu za Tenera lina miti 80 iliyofikia umri wa kuzaa, nayo ni Dura 26, Tenera 38 na Pisifera 16. Matarajio yalikuwa 20, 40 na 20. Kwa kila kundi, toa matarajio kwenye idadi halisi, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha gawanya kwa matarajio: utapata 1.8, 0.1 na 0.8, jumla 2.7. Kipimo hiki huitwa kai-mraba, nacho huonyesha kama tofauti ni kubwa kuliko ya bahati; kwa makundi matatu kina mpaka wa 5.99 katika kiwango cha asilimia 5, kwa hiyo tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Usiishie hapo. Jiulize ingekuwaje kama chavua yote ingetoka kwenye Dura za jirani: ungetarajia nusu Dura na nusu Tenera, bila Pisifera hata moja, na ile miti 16 inatosha kuikataa dhana hiyo. Mwanafunzi anayejiuliza swali la pili kama hilo bila kuambiwa ameshaanza kuwa mwanajenetiki.

Katika kusoma kwa kila siku, anza na mgawanyiko wa seli unaozaa mbegu za uzazi, yaani meiosisi. Uchore kwa mkono, kwa rangi mbili, ukianza na jozi mbili za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), mpaka uweze kuonyesha bila kutazama kitabu ni hatua ipi aleli mbili (sura mbili za jeni moja) hutengana. Karibu kila kosa la mitihani ya mwaka wa kwanza nililoliona lina mzizi wake hapo. Fanya maswali kila wiki, tena kwa kalamu na karatasi. Kusoma jibu lililofanywa na mwingine hukupa hisia ya kuelewa ambayo hutoweka ndani ya chumba cha mtihani.

Unapofika kwenye molekuli, ambako majina ni mengi, ninashauri uchague jeni moja na kuifuata toka juu hadi chini. Ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inafaa kuliko zote. Herufi moja ya DNA hubadilika, GAG ikawa GTG. Asidi ya glutamiki katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, huwa valini. Himoglobini zisizo na oksijeni hushikamana, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Badiliko hilo hilo hufuta mahali ambapo kimeng'enya DdeI hukata DNA, ndiyo sababu linaweza kuonekana maabara kama kipande kirefu zaidi kwenye jeli ya kutenganisha vipande vya DNA. Kisha mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha, kwa tafiti za Afrika Mashariki, kwamba wenye nakala moja tu ya jeni iliyobadilika hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na kwa hiyo jeni hiyo imedumu katika maeneo kama yetu.

Utakaporudi likizo, ndugu watakuuliza kuhusu selimundu. Wazazi wawili wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja ya jeni hiyo, wana uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa katika kila mimba. Kuugua kwa wa kwanza hakuwakingi watatu wanaofuata, na mama hana hatia kuliko baba. Yaseme hayo kwa upole, kisha waelekeze hospitali. Usitumie majibu ya vipimo vya familia yako kama mfano darasani, wala usikubali kuombwa umpimie mtu uhalali wa mtoto: vinasaba vya binadamu vina sheria yake, ya mwaka 2009, na vipimo hivyo husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kuhusu mafunzo kwa vitendo, usikimbilie Dar es Salaam kwa sababu tu wenzako wote wanakwenda huko. Omba TARI Kihinga kwa ajili ya michikichi, au kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) cha Kigoma kwa ajili ya samaki wa Ziwa Tanganyika. Gombe nako, nywele zilizookotwa kwenye viota vya sokwe zilitumika kuchunguza undugu wao kwa DNA katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994. Barua ya maombi ipelekwe miezi kadhaa kabla, iambatane na ya chuo, na itaje swali moja mahususi unalotaka kulifanyia kazi pamoja na vipimo ambavyo tayari unaweza kuvifanya kwa mikono yako mwenyewe.