Mgonjwa wa kiharusi maneno hayatoki? Mwimbieni, aimbe

Kwa wenye mzee nyumbani alopigwa na kiharusi usemi ukakatika, hili nimelipata kwa nesi mmoja hapa Lamu. Kaeni watu watatu wanne muimbe kasida anayoijua tangu utotoni, polepole, mshikeni mkono wa kushoto mgonge nao mdundo, mtashangaa maneno yanavyotoka. Halafu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa mahadhi hayohayo tieni maneno anayoyahitaji, "nataka maji", "nipeleke chooni", imbeni pamoja naye kisha nyinyi punguzeni sauti kidogo kidogo mpaka abaki peke yake. Usemi kwa watu wengi uko upande wa kushoto wa ubongo na ndio ulioumia, kuimba kunatumia na wa kulia, tena kwenye kundi anapata wa kumfuata haoni haya. Wataalamu wa Boston kule Marekani waliieleza njia hii tangu 1973. Mkiishia kwenye kasida tu ataimba vizuri na chai asiweze kuomba. Na kama haelewi anachoambiwa, au ni ulimi tu umekuwa mzito, haimfai sana, mpelekeni kwa mtaalamu wa usemi. Na msimkimbize jamani, hasa nyinyi wenye sauti kubwa.