Kwacha ya kwenye simu na kwacha ya sokoni: kuishi Malawi ukitokea kwetu Tanzania

Kabla hujakubali kazi Lilongwe, Blantyre au Mzuzu, usipige hesabu kwa kiwango cha fedha unachokiona kwenye simu. Kiwango hicho si cha uongo. Ni rasmi, benki zinakifuata, na ndicho kinachowamaliza watu.

Hali ni hii. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, dola ikaruka kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Tangu hapo kiwango rasmi kikaganda karibu na 1,750. Tatizo ni kwamba kwa bei hiyo dola hazipatikani. Mfanyabiashara anayeagiza mafuta ya kula au vipuri vya gari akienda benki anaambiwa asubiri, na kontena halisubiri, kwa hiyo anazitafuta mtaani. Mtaani, mwaka 2025, dola moja ilivuka kwacha 4,000. Bei anayobandika dukani inafuata dola aliyoinunua yeye, si dola ya benki.

Chukua kopo la maziwa ya unga lililomgharimu mwenye duka dola 5 mpaka kufika rafuni. Kwa dola ya 4,000 hawezi kukuuzia chini ya kwacha 20,000. Wewe uliyeletewa hela kwa njia ya benki, kwa 1,750, umetoa dola 11 na ushee kwa kopo la dola 5. Zidisha hiyo kwa sabuni, nepi, dawa na tairi, utaelewa kwa nini mtu anayelipwa vizuri kwa makaratasi anafika tarehe 20 anakopa.

Sasa mkataba, ambako wengi huumia. Kuna sentensi moja inayoonekana salama kabisa: "Mshahara ni dola 900, utakaolipwa kwa kwacha kwa kiwango cha benki cha siku ya malipo." Mtu akiona neno dola anatulia. Asitulie. Utapokea kwacha 1,575,000, na dukani fedha hiyo ina nguvu ya dola 390 hivi. Neno dola kwenye mkataba halikulindi. Kinachokulinda ni mahali dola hizo zinapolipwa. Omba mshahara, au walau nusu yake, uingie akaunti yako ya nyumbani. Mwajiri akikataa, acha kuvutana kuhusu tarakimu, vuta kwenye vitu: nyumba ailipie yeye, ada ya watoto ailipe shuleni moja kwa moja, mafuta ya gari yatoke kwenye akaunti ya kampuni, tiketi ya likizo ainunue mwenyewe. Kitu kilicholipwa na mwajiri hakipungui thamani mfukoni mwako.

Kwa ndugu walioko nyumbani: tunawapenda, lakini simu zenu zinawadanganya. Shangazi anaingia mtandaoni, anaona kwacha moja ni karibu shilingi moja na nusu ya Tanzania, anapiga hesabu ya mshahara wa kwacha 1,500,000 na kupata zaidi ya shilingi milioni 2. Anashangaa kijana hatumi hela ya bati. Ahesabu upya kwa bei ya mtaani, aone kwamba fedha hiyo hiyo haifiki hata shilingi milioni moja, na hapo mtu hajala wala hajalipa kodi ya nyumba. Na hata hicho kidogo, kukitoa nchini kihalali ni kazi. Benki itakudai ankara ya shule au ya hospitali na vielelezo vya kipato, kisha utapanga foleni ya dola ambazo huenda zisitoke mwezi huo. Kadi ya benki ya Malawi nayo ina ukomo mdogo kwa malipo ya nje. Kwa hiyo kama unasomesha mtoto Moshi au una mkopo benki ya Dar, usitegemee kuulipa kwa kwacha. Narudia: usitegemee.

Utaambiwa kuhusu mtaani siku ya kwanza ya chai, na atakayekuambia atakuwa mtu mzuri tu. Kubadilisha fedha kwa wasio na leseni ni kosa kisheria, na polisi hufanya misako. Mgeni akikamatwa, kibali chake cha kuishi kimo hatarini. Pale mpakani Kasumulu upande wetu na Songwe upande wao, vijana wenye mabunda ya noti hukukimbilia kabla hujashuka kwenye basi. Noti kubwa waliyoizoea ni ya kwacha 5,000, kwa hiyo hata dola 100 tu huja kama furushi, na kwenye furushi ndimo noti hupungua au ya bandia huchomekwa. Wengi wanaolia hapo ni wale waliohesabiwa kwa haraka huku kondakta akiwaita.

Njia ya halali isiyoumiza sana ni kupunguza kiasi kinachopita kwenye kiwango rasmi. Akiba iache nyumbani. Ingiza ya matumizi ya mwezi, si ya mwaka. Kwacha usizilundike: kwa mfumuko wa bei uliokuwa ukizidi asilimia 25 kwa mwaka, hela iliyolala benki inayeyuka, na thamani ikishushwa tena kwa tangazo la siku moja, kama ilivyokuwa 2022 na 2023, hakuna atakayekufidia.

Nyumba. Lilongwe imegawanywa kwa Area zenye namba, na namba hazifuatani ardhini, kwa hiyo usidhani Area mbili zinapakana kwa sababu tu namba zake zimefuatana. Angalia ramani na njia ya kwenda kazini. Area 10 na 43 ni za mabalozi na mashirika, na huko mwenye nyumba atakutajia dola. Muulize palepale: dola ya wapi? Ya benki au ya mtaani? Wamalawi ni watu wapole, hawapendi kumkatalia mtu usoni, na upole huo ndio unaotuponza sisi tuliozoea kubishana kwa sauti Kariakoo. Atatabasamu, atasema hakuna shida, kisha baada ya miezi mitatu barua ya kodi mpya itakuja kwa adabu ileile. Andikeni kodi kwa kwacha, muda wake, na ni lini inaruhusiwa kupanda. Area 47 na 49 zinawatosha familia nyingi za kwetu. Area 25 ni nafuu zaidi ila usafiri unakula muda. Andaa kodi ya miezi mitatu ya mwanzo.

Chakula ndiko mgeni mwenye akili anakookoa fedha. Mboga, nyanya, maharage, maembe na viazi ni rahisi sokoni kuliko unavyodhani. Usipa ni dagaa wa ziwa, chambo ni samaki mkubwa wa ziwa, wa kukaribishia wageni. Mchele mzuri wa kule Karonga wanauita Kilombero, jina la kwetu kabisa, na huna haja ya kubeba mchele wa Kyela. Mahindi yana msimu: mavuno yanaingia Aprili hadi Juni, bei inalala; Januari na Februari inapanda vibaya sana. Nunua magunia Mei au Juni, hakikisha yamekauka, weka dawa ya kuhifadhi. Anayenunua kidogokidogo hadi Februari ndiye anayelia kwamba Malawi ni ghali.

Ghali ni vya kuagiza. Supamaketi za mjini zimejaa bidhaa za Afrika Kusini, nazo zinafuata dola ya mtaani. Ukitoka likizo beba vya nyumbani vya kiasi, utangaze kwa forodha, usijifanye mfanyabiashara. Na usijenge bajeti juu ya mpaka kuwa wazi daima: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi baada ya Malawi kuzuia baadhi ya bidhaa, ikaondoa zuio lake baada ya siku chache, lakini katikati hapo malori yalisimama.

Petroli inapangiwa bei na mamlaka ya nishati, MERA. Tatizo kubwa zaidi ni kituo kukauka. Foleni ya usiku kucha ni jambo la kawaida wakati wa uhaba, na mafuta ya madumu ya pembeni huuzwa kwa bei ya kuruka, mara nyingine yamechanganywa. Kama kazi yako haikulazimishi, nunua gari dogo, tanki lisishuke chini ya nusu, na uishi karibu na shule ya watoto.

Umeme ni wa kununua tokeni za ESCOM, shirika la umeme, kupitia huduma za fedha za simu, Airtel Money au Mpamba. Hukatika, kaa na akiba ya uniti, taa ya sola, na jiko la pili.

Shule za kimataifa hutoza maelfu ya dola kwa mwaka, kwa hiyo zinafaa tu pale mwajiri anapolipa. Kuna shule binafsi nzuri za kutozwa kwa kwacha, tembelea darasa kabla ya kulipa.

Msaidizi wa nyumbani na mlinzi utawapata kwa bei ambayo kwetu ingekutia aibu. Kima cha chini kwa jumla kilipanda hadi kwacha 126,000 kwa mwezi Januari 2025; kwa wewe unayelipwa dola hicho si kitu, na mtu anayelea mtoto wako anakula kwenye soko lilelile. Lipa zaidi, uongeze kila mavuno yanapokwisha na unga unapopanda. Wageni wengine hujisifu kwa kulipa kidogo, na kisha wanashangaa sukari inaisha.

Lugha: Chichewa cha salamu jifunze wiki ya kwanza. Karonga, mwenye Kinyakyusa atasikilizana na Wangonde, wenyeji wa huko, bila shida. Kiswahili utakisikia kwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, wengi wao wakimbizi wa kambi ya Dzaleka huko Dowa. Tangu amri ya 2023 ya kuwarudisha kambini, maduka yao mengi mjini yalifungwa, kwa hiyo usimkabidhi mtu mzigo au kodi ya fremu kwa sababu tu mnaelewana lugha. Uliza kwanza kama ana ruhusa ya kufanya biashara hapo.

Kibali cha kazi huombwa na mwajiri. Andikeni nani analipa ada, kwa fedha gani, na kwa dola ya wapi.