Dalali, mtumie mteja picha ya kiwanja hata baada ya kuuza

Kwa madalali wenzangu wa viwanja, hasa mnaowauzia watu wa mbali: ukipita karibu na kiwanja ulichokwisha kuuza, kipige picha umtumie mwenyewe kwa WhatsApp. Moja ya jiwe la mpaka kwa karibu, namba yake isomeke, na nyingine ya kiwanja kizima hadi barabarani. Andika tu, "Shikamoo mama, kiwanja kipo salama, majani yamepanda kidogo." Usichomeke tangazo hapo, utaharibu kila kitu. Mtu aliyenunua Kigamboni au Bunju naye anaishi Mwanza au Muscat ana hofu moja kubwa, kuvamiwa, na dalali wengi wakishapata asilimia yao hawapokei hata simu. Wewe ukimwondolea hofu hiyo bure, shemeji yake akitafuta kiwanja atapewa namba yako. Mwezi wa saba ndio mzuri zaidi: mwaka wa kodi ya pango la ardhi huanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo mkumbushe na hilo.

Haisaidii kama mauziano yenyewe yana doa, mfano uliahidi kufuatilia hati ukanyamaza, au ulificha mgogoro wa mpaka. Hapo picha itamtibua tu. Maliza kwanza ulichoahidi. Na ukikuta mtu ameshachimba msingi, achana na picha za salamu. Piga simu palepale, kisha mwambie atume ndugu yake serikali ya mtaa siku hiyohiyo.