Kumsahihisha mwanafunzi wa Kiingereza bila kumfedhehesha

Mtu mzima anayetoka kazini akaja darasa la jioni Majengo au Likoni, hapa Mombasa, hatafuti mwalimu mwenye lafudhi ya London. Anataka asahihishwe, ila asiaibishwe mbele ya wenzake. Walimu wengi hukosea upande mmoja au mwingine: kuna wanaocheka pamoja na darasa, na kuna wanaoacha kila kosa lipite kwa kumwonea huruma. Huyu wa pili pia hukimbiwa, kwani mwanafunzi hajaja kusifiwa bure.

Anapozungumza usimkatize. Andika kosa daftarini kama alivyolitamka, bila jina. Wote wakimaliza, weka ubaoni sentensi 3 au 4 zenye makosa, wazirekebishe wawili wawili kwa dakika 5. Zikizidi hapo hakuna itakayokaa kichwani.

Makosa ya saa ni jambo jingine, hayangoji. Mhudumu wa hoteli Nyali akimwambia mgeni teksi ya uwanja wa ndege inakuja "three o'clock", kumbe ni saa 3 asubuhi yetu, mgeni ataachwa na ndege. Hilo lirekebishe papo hapo: ongeza 6, saa 3 ni "nine".

Kisha eleza sababu, kwa Kiswahili ikibidi. Anayechanganya "he" na "she" si mzembe. "Yeye" wetu ni wa mume na mke. Kumwambia awe makini hakusaidii. Mpe picha 5 za wanaume na wanawake, amweleze kila mmoja kwa sentensi 3 za haraka, na zoezi lirudiwe kila kipindi mpaka ulimi uzoee. "He has come yesterday" nayo ni "amekuja jana" iliyovishwa Kiingereza, basi iandike sambamba na "He came yesterday" aone tofauti ilipo. Kwa Mswahili wa Mji wa Kale usipoteze muda na sauti ya "th": anayesema thelathini na dhahabu anayo tayari. Mpeleke kwenye "ship" na "sheep", maana "i" yetu ni moja tu.

Ukiuliza swali, hesabu moyoni hadi 5 kabla ya kusaidia. Aliye kimya huenda anapanga maneno.

Daftari la mwanafunzi ulilochukua kusahihisha lirudi kipindi kinachofuata. Na darasa likianza saa 11 jioni, mazoezi ya kuzungumza yaishe kabla ya adhana ya Magharibi. Baada ya swala fanyeni ya kuandika, kwa sababu wengine watachelewa kurudi.