Unafanya kazi ya msimamizi, mkataba unasema mtunza stoo: jinsi ya kupeleka mgogoro wa cheo CMA

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi, na mtumishi wa umma ana njia yake, nitaigusa mwishoni.

Kabla ya kuandika: unadai nini hasa?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mwajiri akuite jina zuri. Kinachodaiwa na kifungu cha 15 ni taarifa za ajira kwa maandishi, na mojawapo ni maelezo ya kazi yako. Kwa hiyo cheo peke yake hakina meno. Kinapata nguvu kikishikana na mshahara, majukumu, posho au saa za kazi, na huko ndiko uelekeze madai yako.

Madai ya cheo yapo ya aina mbili, na ukiyachanganya safari yako inaishia njiani. Aina ya kwanza ni ya haki. Mkataba unasema wewe ni Mhasibu, halafu siku moja inakuja barua inayokuita Karani wa Fedha na mshahara umekatwa. Huo ni ukiukwaji wa mkataba. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA, itausuluhisha, na msipoelewana itautolea uamuzi.

Aina ya pili ni ya maslahi. Umekaa kazini miaka mingi, wenzako wanakukubali, unaona wazi unastahili kuwa Mhasibu Mwandamizi, lakini hakuna mkataba, sera ya kampuni wala makubaliano ya chama yanayokuahidi nafasi hiyo. Hapo unaomba kitu kipya. CMA inaweza kuwakalisha mezani, ila kwa kawaida haitamwamuru mwajiri akupandishe. Madai ya namna hii yanafaa kubebwa na chama cha wafanyakazi, TUICO au kingine kilichopo kazini kwako, kwenye majadiliano ya pamoja.

Halafu kuna cheo kinachotolewa kama mtego. Mtu anaitwa "meneja", mshahara uleule, na kuanzia mwezi huo hapati ovataimu kwa sababu "mameneja hawalipwi ovataimu". Kweli, kifungu cha 17 kinawatoa baadhi ya watu kwenye masharti ya saa za kazi: wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Soma tena hayo masharti. Hayasemi neno lolote kuhusu kibandiko cha mlangoni. Kama huna unayemsimamia, au unaripoti kwa msimamizi asiye wa uongozi wa juu, ukomo wa saa 45 kwa wiki unakuhusu, na ovataimu ni mara moja na nusu ya ujira wako wa kawaida. Hapo usipigane na cheo. Dai ovataimu.

Kusanya karatasi

Mkataba, barua ya ajira, barua yoyote ya kubadilishiwa kazi, salari slipu za kabla na baada, ratiba za zamu, fomu za likizo ulizoidhinisha, hati za mzigo zenye saini yako, barua pepe zinazokutambulisha kwa cheo fulani. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa bosi nao uhifadhi, tarehe na namba zionekane. Usibebe mafaili ya wateja au siri za kampuni, maana utageuka mtuhumiwa kabla hujawa mlalamikaji.

Huna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Shauri likifika mbele na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au taarifa za maandishi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

Ukiletewa barua ya cheo kipya, saini kwamba umeipokea tu. Andika kwa mkono pembeni ya saini: "Nimepokea. Sikubaliani na mabadiliko haya," weka tarehe, piga picha kabla hujairudisha. Sheria inamtaka mwajiri ashauriane nawe anapobadili taarifa za ajira, kisha akujulishe kwa maandishi. Saini tupu isiyo na maelezo itasomwa kama ndiyo.

Anzia ndani

Andika barua kwa afisa rasilimali watu, nakala kwa msimamizi wako na kwa tawi la chama kama lipo. Iwe fupi. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEZO YA KAZI NA MSHAHARA. Rejea mkataba wangu unaonitambua kama Mtunza Stoo. Kwa barua yako ya tarehe … nilikabidhiwa kazi za Msimamizi wa Ghala, yaani kupanga zamu, kuidhinisha mzigo unaotoka na kuandaa taarifa ya mwezi. Naomba taarifa zangu za ajira zirekebishwe zilingane na kazi hizo, na nilipwe tofauti ya mshahara kwa mujibu wa ngazi za mishahara za kampuni. Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe …"

Hakuna neno "unyanyasaji" humo, wala historia ya ugomvi wako na msimamizi. Hayo yana mahali pake, ila hapa yanampa msomaji sababu ya kujadili tabia yako badala ya madai. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Saa inahesabu

Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi ni siku 30. Watu wengi wanaanguka hapa: mwajiri anasema "subiri kikao cha bodi", wiki zinapita, mtu anadhani mazungumzo yamesimamisha saa. Hayajasimamisha. Ukishushwa cheo kwa barua, hesabu kuanzia tarehe ya barua ile. Kama ulidai ukakataliwa, utasema mgogoro ulianza siku ya kukataliwa, lakini jiandae mwajiri abishe kwamba ulianza zamani. Ukiwa umechelewa, unaomba kwanza kuongezewa muda, kwa kiapo kinachoeleza umechelewa siku ngapi na kwa nini. "Nilikuwa nasubiri" ni sababu dhaifu.

Kujaza fomu CMA F1

Fomu ya kupeleka mgogoro inaitwa CMA F1, inapatikana ofisi za Tume mikoani. Jina la mwajiri liandike kama lilivyosajiliwa, si lile la kwenye bango. Ukishtaki "Duka la Mama fulani" wakati mwajiri ni kampuni yenye jina lingine, pingamizi la kwanza litakuwa hilo. Angalia mkataba, salari slipu au taarifa zako za NSSF.

Kwenye aina ya mgogoro chagua ukiukwaji wa mkataba, kama ndivyo ilivyo. Sehemu ya ziada inayohusu kuachishwa kazi iache wazi ikiwa bado uko kazini. Kwenye matokeo unayotaka, usiandike "haki itendeke". Andika: kurekebishiwa taarifa za ajira kuwa Msimamizi wa Ghala kuanzia tarehe fulani, na kulipwa tofauti ya mshahara shilingi kadhaa kwa miezi kadhaa. Piga hesabu mwenyewe, uiambatanishe.

Saini, kisha mpelekee mwajiri nakala kwanza na upate uthibitisho wa kupokea. Akikataa kusaini, tuma kwa rejista ya posta utunze risiti. Baada ya hapo peleka fomu pamoja na uthibitisho huo kwenye ofisi ya CMA ya eneo mgogoro ulikotokea.

Siku ya usuluhishi na baada yake

Usuluhishi una siku 30, isipokuwa mkikubaliana kuongeza. Ni mazungumzo ya faragha, hakuna mashahidi. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama, wakili, au mtu unayemchagua mwenyewe. Usipotokea, msuluhishi anaweza kuyafuta malalamiko yako. Asipotokea mwajiri, anaweza kuyatolea uamuzi.

Binafsi naona migogoro ya cheo ndiyo inayofaa zaidi kumalizwa hapa, kwa sababu mwajiri anaweza kutoa kitu kisichomgharimu sana: barua mpya leo, malimbikizo kwa awamu. Mkifika huko, hakikisha makubaliano yanataja cheo neno kwa neno, ngazi ya mshahara na tarehe ya kuanza. "Mwajiri ataangalia upya nafasi ya mfanyakazi" haina kitu ndani yake.

Mkishindwana, unaomba shauri liende kwenye uamuzi. Huko kuna ushahidi na mashahidi, na mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi, ndani ya siku 30 baada ya kusikiliza kumalizika. Asiyeridhika ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Katikati ya haya yote usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Ukiacha, itabidi uthibitishe kwamba mwajiri aliifanya kazi isivumilike, na huo ni mlima mwingine kabisa, wenye siku zake 30.

Kwa mtumishi wa umma

Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inakutaka umalize kwanza njia za ndani ya utumishi kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Kwa hiyo unaanza kwa mwajiri wako, ukishikilia muundo wa maendeleo ya utumishi wa kada yako, kisha Tume ya Utumishi wa Umma. Na kama tatizo ni kukaimu kusikoisha, Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaweka ukomo wa miezi 6. Taja kanuni hiyo kwenye barua yako, ambatanisha barua iliyokuteua kukaimu, na uliza kwa maandishi lini nafasi itajazwa.